Mwamvita na Karatasi Iliyosema Taja

Kama una chapati mdomoni, imalize kwanza. Hii habari ya Mwamvita ukiicheka umejaza mashavu utapaliwa, na lawama sizitaki.

Mwamvita binti Abeid ni mpishi. Siyo mpishi wa kubandika maji ya chai halafu akajisifu mtaa mzima, hapana, ni mpishi wa shughuli. Pale Kwa Mathias, Kibaha, hatua chache kutoka barabara ya Morogoro, ana mgahawa wa mabati wenye meza nne, na meza ya nne inasimama kwa kuegemea ukuta. Saa tano asubuhi anapokaanga vitunguu vya pilau, harufu inavuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto, inapanda basi, inakaa siti ya dirishani, na konda hathubutu kuidai nauli. Kuna watu wameshuka Kwa Mathias wakiwa wamekata tiketi ya Dodoma. Mmoja alishuka mwaka juzi, akaagiza sahani, akaagiza ya pili, akaoa hapo hapo. Dodoma hajafika mpaka leo.

Upishi huo Mwamvita hakuupata dukani. Amezaliwa Mzenga, Kisarawe, na aliyemfundisha ni shangazi yake, Bi Saida, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, aliyepikia harusi za kule tangu bwana harusi wa leo hajazaliwa baba yake. Mwamvita alipomaliza darasa la saba akakabidhiwa mwiko, na mwiko ule ulikuwa umemzidi kimo. Sasa ana miaka arobaini na sita, ana mtoto mmoja aliyekwisha kuondoka nyumbani, Khalfani, na ana binamu yake, Zuwena, anayesukuma chapati na kusukuma maneno kwa mikono hiyo hiyo.

Siku moja akaingia mgahawani Sista Stellamaris, mkuu wa shule ya bweni ya wasichana kule Visiga. Alikuwa amekula pilau ya Mwamvita kwenye harusi ya mwalimu wake mmoja, na inasemekana usiku ule alisali sala fupi kuliko kawaida kwa sababu tumbo lilikataa kupiga magoti.

"Mama Khalfani," akasema, "mpishi wangu mkuu anastaafu mwezi wa kumi na mbili. Nakutaka wewe."

Mwamvita akaacha mwiko ukae wenyewe. Jiko la shule! Paa lisilovuja, sakafu ya saruji, wasaidizi sita, mshahara mwisho wa mwezi hata mvua ikinyesha wiki nzima na mabasi yasisimame.

"Nipo, Sista. Hata kesho."

"Kuna jambo moja tu. Wakaguzi wanataka kila mpishi mkuu awe na cheti. Shule ikifunguliwa mwezi wa kwanza huna cheti, itabidi nimchukue mwingine. Nitaumia, lakini nitamchukua."

Cheti hicho kilipatikana chuo cha ufundi, hapo hapo Kibaha, kwa mafundi waliojifunzia kazi mtaani. Siku moja unapimwa kwa mikono, siku ya pili unapimwa kwa karatasi.

Siku ya mikono ilikuwa sherehe. Majaji watatu waliingia na kalamu, wakatoka na vijiko. Mmoja alilamba mfuniko. Mwamvita akapewa tisini na nane, na zile mbili zilizokatwa ni kwa sababu alimpiga jaji mkono kwa kufunua sufuria kabla ya wakati.

Siku ya karatasi ndiyo iliyoleta balaa.

Swali la kwanza lilisema: Taja vifaa vitano vya jikoni. Mwamvita akalitazama swali lile akaliona halina adabu. Kwao Mzenga mtu akikuuliza habari ya kitu, humrushii jina lake kama unamrushia mbwa mfupa. Unaanza kilikotoka, nani alikileta, kimefanya kazi gani. Basi akaanza na ungo. Akaandika ulivyosukwa, nani aliusuka, ulivyonusurika siku mbuzi alipoulalia, na ulivyopepeta mchele wa harusi tatu kwa siku moja bila kupumzika. Akahamia kwenye kinu. Kurasa mbili na nusu zikaisha, vifaa vilivyotajwa ni viwili, na kinu chenyewe kilikuwa bado hakijafika nyumbani, kiko njiani juu ya baiskeli.

Swali jingine likasema: Eleza hatua za kupika pilau ya watu mia moja. Hapo akaweka kalamu chini. Mpishi wa shughuli wa kwao hasemi upishi wake wote. Atakueleza kwa ukarimu, atakuonyesha mpaka kuni za kuchagua, lakini kitu kimoja atakibakiza. Siyo uchoyo. Kile kinachobakia ndicho kinachowafanya watu wakuite wewe, siyo jirani yako. Na hapa alikuwa anaulizwa na karatasi, kitu asichokijua baba wala mama yake! Akaandika mistari mitatu: "Osha mchele. Kaanga vitunguu, tia nyama na viungo, tia mchele, palia makaa. Mengine ni ya mpishi."

La mwisho likasema: Linganisha upishi wa kuni na upishi wa gesi. Mwamvita akatazama huku na huku. Mwaka fulani kule Mzenga mtu alilinganisha pilau za wapishi wawili mbele ya watu, na wale wapishi hawakusalimiana mpaka mmoja akahamia Chole. Akaandika: "Zote ni nzuri. Mimi sitaki maneno."

Akatoka kifua mbele. Majibu yakatoka wiki ya pili: thelathini na moja kwa mia. Kufaulu ni hamsini.

Mkufunzi aliyemwita kumweleza alikuwa bwana Didas, mtu mrefu mwenye miwani midogo. Aliiweka karatasi mezani kama mtu anayeweka mgonjwa.

"Mama Mwamvita, nilikula chakula chako siku ya vitendo. Sasa nisaidie. Aliyeandika karatasi hii ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe uliyepika pilau ile?"

"Kwani nina pacha?"

Didas akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nikuambie kitu, lakini kibaki humu ndani. Niliipenda mno pilau ile. Jumapili nikachukua jibu lako, nikaenda jikoni kwangu, nikapika kama ulivyoandika. Neno kwa neno."

"Yarabi. Ikawaje?"

"Uji. Uji wenye karafuu. Mke wangu Evaline alinikabidhi kijiko akaniambia nile peke yangu."

Mwamvita alitaka kucheka, akabana meno, kicheko kikatokea puani. Didas naye akacheka kidogo, halafu akarudi kwenye ualimu.

"Karatasi utairudia mwezi wa kumi na moja, mara moja tu. Vitendo umeshafaulu. Lakini mama, hukushindwa kwa sababu hujui kupika. Umeshindwa kwa sababu hukufanya ulichoambiwa na neno la kwanza la kila swali. Nenda ukayasome hayo maneno. Hayo tu."

Akarudi Kwa Mathias mdogo kama punje. Zuwena alipoona uso ule akajua.

"Wamekunyima?"

"Thelathini na moja."

"Uongo! Mimi ambaye sijafanya nimekosa kidogo kuliko wewe."

"Zuwena, sina hamu."

"Haya, samahani dada. Lakini hata meza ya nne ingepata arobaini."

Saa saba na dakika kumi, kama kawaida yake, akaingia Mwalimu Atupele. Huyu alikuwa mwenyeji wa Mbeya, mwalimu wa shule ya msingi, na kila siku ya kazi alikula mchana pale, wali na maharage, kipande cha papai. Alipoletewa wali bila neno akaweka kijiko chini.

"Mama Khalfani, leo hujaniuliza kama maharage yaongezwe. Nani kafa?"

Mwamvita akamwonyesha karatasi. Atupele akasoma ukurasa wa ungo, mabega yakaanza kutikisika. Alipofika kwenye kinu kilichopanda baiskeli, machozi yakamtoka. Aliposoma "mimi sitaki maneno" akaomba maji.

"Cheka, Mwalimu, cheka ukimaliza unisaidie."

"Nitakusaidia. Lakini hii usiitupe, nitakuja kuisoma siku nikiwa na huzuni." Akajifuta uso. "Hebu, basi likisimama pale nje abiria akakimbilia hapa, dereva anapiga honi, akakuuliza kuna chakula gani, unamjibuje?"

"Wali, ugali, chapati, maharage, nyama, samaki."

"Mbona hukumwambia samaki alivuliwa na nani?"

"Mwalimu, basi linaondoka!"

"Basi hiyo ndiyo taja. Ukiona taja kwenye karatasi, ujue honi inalia. Jina, jina, jina, mtu aende zake. Orodhesha nayo ni ndugu yake, tofauti ni kwamba unayapanga moja chini ya jingine."

Mwamvita akaweka upawa chini. Halafu akashika kiuno. "Kumbe lile swali halikuwa halina adabu. Lilikuwa na haraka."

"Haswaa. Na yule anayekaa, ameshamaliza kula, anakuuliza, mama, huyu samaki umempikaje mbona sijawahi kula hivi?"

"Huyo ana nafasi. Huyo namwambia nilivyompaka ndimu, nilivyomkausha, nilivyomkaanga..."

"Huyo ndiye eleza. Anataka njia nzima, kutoka ulipoanzia mpaka ulipomalizia, asipotee katikati. Na akikwambia fafanua, bado hajaelewa, anataka umfungulie na umpe mfano."

Wakaendelea hivyo wiki tatu, saa saba na dakika kumi mpaka saa nane kasoro. Mwalimu akila, Mwamvita akijibu, na Zuwena akijitia mtahini. Mteja akiagiza chai Zuwena alidakia: "Toa sababu mbili!" Dereva mmoja wa lori alitoa sababu tano na mfano juu, akapewa kitumbua.

Linganisha ilichukua siku nne. Mwamvita alikuwa anaikwepa kama mdaiwa, mpaka Mwalimu akapiga meza.

"Mama Khalfani, kuni ni shoga yako?"

"Hapana."

"Gesi ni wifi yako?"

"Hapana."

"Sasa nani atakununia? Sema hii inafanana na ile kwa hili, inaachana nayo kwa lile. Moto haujui kununa."

Mwamvita akajaribu, mwanzo kwa woga, akinong'ona. Siku ya nne alikuwa anaisema gesi vibaya mpaka Zuwena akaenda kuufunika mtungi kwa khanga isisikie.

Ila kwenye eleza kulikuwa na ukuta. Samaki alieleza. Maharage alieleza. Ikifika pilau, anafika mahali anakohoa, anaruka.

"Umeruka," Mwalimu alisema.

"Sijaruka."

"Umeosha mchele, mara upo kwenye sufuria. Katikati ulikuwa wapi?"

Mwamvita akaketi. "Mwalimu, hapo ndipo pana mwenyewe. Nilipofundishwa niliambiwa hicho nisimpe mtu isipokuwa atakayeshika mwiko baada yangu. Nikikiandika, sijui kitasomwa na nani. Na nisipokiandika, nafeli, na Sista anamchukua mwingine."

Mwalimu Atupele alikuwa mtu wa kujibu haraka, lakini siku ile alitafuna papai polepole. "Mwenyewe yupo hai?"

"Yupo Mzenga. Ana miaka themanini na ushee, na ulimi wa miaka ishirini."

"Basi nenda ukamuulize."

Jumamosi Mwamvita akamwachia Zuwena mgahawa, akapanda gari mpaka Mlandizi, hapo akachukua bodaboda ya kuelekea Mzenga. Barabara ile ina vumbi ambalo likikupenda linakwenda nawe mpaka ndani. Alipofika, Bi Saida alikuwa uani anachambua mchicha, akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Wewe ni Mwamvita au ni kichuguu kimetembea?"

"Ni mimi, shangazi."

"Nawa uso nihakikishe."

Akanawa, akakaa kwenye mkeka, akatoa kilo mbili za sukari na khanga doti moja. Bi Saida akaipima khanga kwa macho. "Doti nzima. Unataka kitu kikubwa."

Mwamvita akasema yote: Sista, shule, cheti, thelathini na moja, na lile neno eleza. Akafika mwisho, sauti ikapungua. "Nimekuja kuomba ruhusa, shangazi. Ile ya kuanika mchele. Nikiulizwa nieleze, niiandike."

Siri yenyewe ndiyo hiyo, nami naisema kwa kuwa mbele ya safari utaona haina tena mlinzi: mchele ukishaoshwa unachujwa, unatandazwa kwenye ungo, unafunikwa kitambaa chepesi, unaachwa ukauke kabla haujagusa mafuta. Ndiyo maana pilau ya Mwamvita punje hazishikani. Kila moja inakaa kivyake kama mgeni asiyejuana na wenzake.

Bi Saida akaendelea kuchambua mchicha. "Hao wanaosahihisha, wanapika?"

"Mmoja alijaribu. Alifuata jibu langu."

"Lile ulilobakiza?"

"Ndiyo."

"Akapata nini?"

"Uji wa karafuu. Mkewe akamwambia aumalize mwenyewe."

Wee! Bi Saida alicheka mchicha ukatawanyika, kuku wakakimbilia kwa jirani, na jirani akauliza kwa sauti kama kuna msiba au kuna nini. Alicheka mpaka akalala ubavu. Alipoinuka alikuwa amerudi miaka kumi nyuma.

"Andika, mwanangu. Andika kuanika mchele. Mtu aliyekula uji wake mpaka mwisho anastahili."

Mwamvita akashusha pumzi ya mwezi mzima. "Ahsante shangazi. Nilidhani utakataa. Hiyo ndiyo siri yenyewe, nikishaitoa sina tena."

Bi Saida akaokota jani la mchicha, akalitazama sana, kuliko jani linavyostahili.

"Shangazi?"

"Mm."

"Mbona umenyamaza?"

"Nani aliyekwambia ni moja?"

Mwamvita akageuka mzima mzima. "Unasemaje?"

"Nimekuuliza, nani alikwambia nilibakiza moja?"

"Shangazi! Ulinibakizia na mimi? Miaka thelathini na mbili?"

"Usinipigie kelele, mimi mtu mzima. Unakumbuka siku ile ya kwanza ulivyoniomba? Ulisimama pale, kalamu sikioni, ukasema, shangazi nitajie vya pilau. Nikakutajia. Hukusema nikueleze." Akainua kidole. "Leo umefundishwa tofauti, sasa unanilaumu mimi?"

Hasira ya Mwamvita ilikuja mpaka mlangoni, ikakuta kicheko kimeshakaa. Akaanguka kwenye mkeka, wakacheka wote wawili, jirani akaamua kuja kabisa kuona.

Jirani alipoondoka, Bi Saida akamsogelea Mwamvita na kumwonyesha kichaka cha mchaichai pembeni ya bafu. "Kile."

"Mchaichai? Si wa chai ule?"

"Wa chai ni wa kuwapoteza watu kama wewe. Fundo moja, unalitupa kwenye supu ya nyama inapochemka. Kabla hujaweka mchele unalitoa, unalizika jivuni. Mtu anakula, anasikia kitu, hajui kitu gani. Miaka yote ile hukuwahi kujiuliza kwa nini yangu inaipita yako kidogo?"

"Nilijua ni mkono."

"Mkono!" Bi Saida akaguna. "Mkono unapika? Mchaichai, mwanangu. Nao ukiulizwa, uandike. Mimi mwiko siushiki tena, na Khalfani wako sijamwona akisogelea jiko. Bora isomwe na mtu."

Mwamvita akarudi Kibaha na fundo la mchaichai kifuani, amelificha kama noti. Jumatatu yake mteja mmoja aliyekula pilau akaomba aonyeshwe jiko. Mwingine akaleta posa, tena si ya Mwamvita, ya sufuria.

Mwezi wa kumi na moja ukafika. Akaingia chumba cha mtihani na kalamu mbili, anapumua kwa utaratibu kama alivyoambiwa na Mwalimu Atupele. Safari hii alikuwa tayari. Alikuwa na ruhusa. Waulize pilau, wataijua pilau: mchele kwenye ungo, fundo kwenye supu, yote, mpaka wasahihishaji waombe kupumzika. Akafungua karatasi, macho yakakimbia kulitafuta swali lake, yakalipata la nne.

Taja hatua sita za kupika pilau.

Taja!

Mwamvita akalisoma tena, labda herufi zimehama. Hazikuhama. Honi inalia, abiria ana haraka, na yeye ndiyo kwanza amepewa ruhusa ya kusema! Ulimi ulimwasha. Mchaichai ulikuwa umeshafika kwenye ncha ya kalamu, unachungulia. Kalamu ikaandika "Kwanza kabisa, shangazi yangu Bi Saida," ikasimama yenyewe.

Akafikiria jiko la Visiga na paa lake. Akamfikiria Sista akimchukua mwingine kwa kuumia. Akavuta mstari mmoja juu ya shangazi yake, kwa heshima, mstari mwembamba, akaandika:

"Kuosha na kuanika mchele. Kuchemsha nyama. Kukaanga vitunguu. Kutia viungo. Kutia mchele na supu. Kupalia."

Basi. Mchaichai akaumeza. Alisema baadaye kwamba amezaa, amezika, amepikia watu elfu moja na mia mbili siku ya mvua na kuni mbichi, lakini kazi ngumu kuliko zote ni kuweka nukta baada ya kupalia.

Yaliyobaki aliyachukua kwa furaha. Eleza namna ya kuhifadhi chakula kilichobaki: akaeleza kuanzia kukipoza kwenye vyombo vipana mpaka kukipasha kichemke, hakubakiza kitu, hata mfuniko aliusemea. Fafanua umuhimu wa usafi wa mpishi: akafafanua, akatoa mfano wa mpishi mmoja aliyepika na kucha ndefu, kwenye pilau ikapatikana moja, shughuli nzima ikaacha kumtazama bibi harusi ikabaki inahesabu vidole vya mpishi. Ilipofika linganisha, kugandisha vyakula na kukausha vyakula, hakutazama huku wala huku. Aliviweka vyote viwili mezani akavisema kimoja kimoja, mazuri na mabaya, na hakuna kilichomnunia.

Simu ya bwana Didas ilipigwa Alhamisi, mgahawa umejaa. Mwamvita akaweka simu sikioni, mkono mwingine una upawa.

"Mama Mwamvita? Themanini na moja."

"Ya nani?"

"Ya kwako."

Upawa ukaanguka ndani ya mchuzi. Zuwena alipiga vigelegele mpaka basi lililokuwa linaondoka likasimama, dereva akidhani ameacha abiria. Mwalimu Atupele, aliyekuwa na wali mdomoni, akapiga meza kwa viganja vyote viwili, na meza ya nne, ambayo haijawahi kutegemewa na mtu, ikalala chini na maharage yake yote. Hakuna aliyejali.

"Lakini mama," sauti ya Didas ikaendelea, yenye huzuni kidogo, "lile la pilau... nilitumaini utaandika kirefu."

"Mwalimu, karatasi ilisema taja."

"Najua. Niliitunga mimi." Akakohoa. "Nilipoiona mezani imeshachapwa, nilikuwa nimeshachelewa kubadilisha."

Mwamvita alicheka mpaka akashika nguzo. "Mwalimu Didas, Jumamosi njoo na Evaline. Nitawapikia, na nitawaeleza. Njooni na daftari kubwa."

Walikuja, na daftari likajaa, na inasemekana Evaline sasa ndiye anayekula na mumewe ndiye anayepika, na wote wawili wamenenepa.

Mwezi wa kwanza, shule ikafunguliwa. Sista Stellamaris akamtembeza Mwamvita jikoni Visiga: majiko manne, sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuogea humo akajimwagia mpaka mgongoni, wasaidizi sita wamejipanga wanamtazama. Mwamvita akavaa aproni nyeupe, ya kwanza maishani mwake yenye jina lake kifuani, akaipiga makofi mawili ikae sawa.

"Mtaanza na chakula gani, Mama Khalfani?" Sista akauliza.

"Siku ya kwanza watoto wametoka kwao, wanakumbuka nyumbani. Tuwape pilau."

Saa saba kengele ikalia. Wasichana mia tatu na arobaini wakatoka madarasani kwa mstari ulionyooka, walimu wakiwakumbusha kutembea, siyo kukimbia. Upepo ukavuma kutoka jikoni. Mstari ukapinda, ukavunjika, ukawa kundi, na kundi likaja mbio, sahani juu, mbele kabisa akiwa Sista mwenyewe ameshika sketi yake.